Mpindo Usiofuata Nukta: Utatuzi wa Matatizo ya Splaini katika SciPy

Moduli ya `scipy.interpolate`, sehemu ya SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, imebeba vizazi viwili vya zana za splaini, yaani mipindo iliyoundwa kwa vipande vya polinomia vilivyounganishwa, na sehemu kubwa ya matatizo yanayowasumbua watumiaji wake hutokana na kuvichanganya vizazi hivyo bila kujua. Kizazi cha kwanza ni funksheni za `splrep`, `splprep`, `splev` na `bisplrep`, pamoja na klasi kama `UnivariateSpline` na `RectBivariateSpline`, ambazo zote zimejengwa juu ya FITPACK, mkusanyo wa programu za Fortran ulioandikwa na Paul Dierckx wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji. Kizazi cha pili ni klasi ya `BSpline` na wenzake `make_interp_spline` na `make_lsq_spline`, ambao toleo la 1.15 liliwaongezea `make_splrep` na `make_splprep`. Vizazi hivi viwili vinafanya hesabu ileile, lakini vinatofautiana katika thamani za chaguo-msingi, na tofauti hizo ndizo zinazouma.

Kabla ya kubadilisha chochote

Splaini yoyote ndani ya SciPy inaelezwa na vitu vitatu: `t`, yaani orodha ya mafundo, ambayo ni thamani za parameta (namba inayoongezeka kadiri unavyosonga kwenye mpindo) ambapo vipande vya polinomia vinaungana, `c`, yaani koefisienti, ambazo kwa mstari uliopinda ndizo nukta za udhibiti, na `k`, yaani daraja la polinomia, ambalo kwa kawaida ni 3. Anayeona mpindo mbaya kwenye skrini mara nyingi hukimbilia kugeuzageuza `k`, au `s`, yaani kiasi cha ulainishaji kinachosema mpindo unaruhusiwa kuachana na nukta kwa jumla gani, akitumaini kwamba mojawapo itakubali, na hapo ndipo siku nzima inapopotea. Ni afadhali kuiuliza maktaba yenyewe imefanya nini:

```
(tck, u), fp, ier, ujumbe = splprep([x, y], full_output=1)
print(len(x), len(tck[0]), fp, ier)
```

Idadi ya mafundo ndiyo ushahidi wenye uzito kuliko wote. Kwa daraja la 3, mafundo 8 tu, manne mwanzoni na manne mwishoni, yana maana kwamba data yako yote imewakilishwa na polinomia moja; mafundo yanayolingana na idadi ya nukta ukiongeza 4 yana maana kwamba mpindo umelazimishwa kupita katika kila nukta. Namba ya `ier` inathibitisha jambo hilohilo: -2 ni polinomia moja, -1 ni mpindo unaopita katika kila nukta, 0 ni hali ya kawaida iliyo katikati, 1 hadi 3 ni maonyo ambayo mara nyingi huashiria `s` ndogo mno, na 10 ni data isiyokubalika. `fp` ni jumla ya mraba wa tofauti kati ya nukta zako na mpindo uliopatikana, baada ya kuzidisha kila tofauti kwa uzani wake, yaani namba inayoonyesha nukta hiyo inaaminiwa kiasi gani.

Dalili: mpindo umenyooka kuliko data, au haupiti kwenye nukta kabisa

Hili ndilo tatizo linalojitokeza kuliko yote, na lina sababu moja ambayo nyaraka za maktaba zinaitaja kwa upole mno. Usipoipa `splprep` thamani ya `s`, inachukua m ukiondoa kipeuo cha pili cha 2m, ambapo m ni idadi ya nukta. `UnivariateSpline` nayo inachukua m yenyewe. `splrep`, kinyume chake, inachukua sifuri ikiwa hukutoa uzani, na `InterpolatedUnivariateSpline` inachukua sifuri siku zote. Kwa hiyo mtu aliyezoea `splrep` na kuona mpindo ukipita katika kila nukta, akihamia `splprep` kwa ajili ya njia ya pande mbili, anakuta nukta zake zimeachwa pembeni ilhali hakuomba ulainishaji wowote.

Tuchukue mfano ulio wazi. Una nukta 400 za GPS za basi la mwendokasi linalotoka Kimara kwenda Kivukoni, jijini Dar es Salaam, na umeziacha kama zilivyotoka kwenye kifaa, yaani longitudo na latitudo katika digrii. Chaguo-msingi la `s` ni 400 ukiondoa 28.28, yaani takriban 371.7. Safari yote hiyo haifiki hata nusu ya digrii kwa upande wowote. Hata kama kila nukta ingekuwa mbali na mpindo kwa nusu digrii nzima, jumla ya mraba wa tofauti ingekuwa 400 mara 0.25, yaani 100 tu, ambayo bado iko chini ya 371.7. Kwa lugha nyingine, umeiambia maktaba kwamba mpindo wowote ule unafaa, nayo imekupa ulio rahisi kuliko wote: polinomia moja ya daraja la 3, mafundo 8, `ier` ikiwa -2. Hakuna onyo linalotolewa kwa sababu, kwa mtazamo wa hesabu, hakuna kosa lililotendeka.

Tiba ina hatua mbili, na ya kwanza ndiyo inayorukwa. Badilisha kwanza digrii ziwe mita kwa kutumia makadirio ya ramani yanayolifaa eneo lako, ambayo kwa Dar es Salaam ni UTM kanda ya 37 kusini, yenye msimbo EPSG:32737. Halafu jiulize kipimo kimoja kina kosa la kiasi gani. Tuseme kosa la kawaida la kifaa ni mita 5 kwa kila mhimili. Ukitoa uzani wa 1/5 kwa kila nukta, kila tofauti iliyogawanywa kwa 5 inakuwa karibu na 1, na kwa kuwa `splprep` inajumlisha tofauti za x na za y pamoja, `s` inayofaa kuanzia nayo ni karibu 2m, yaani 800, wala si m kama inavyosomeka katika kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya data ya mhimili mmoja. Usipotoa uzani, kiasi kilekile kinakuwa 800 mara 25, yaani 20,000, kikiwa katika mita za mraba. Makosa ya GPS huwa yanafuatana, kwamba nukta iliyosogea kulia hufuatwa na nyingine iliyosogea kulia, hivyo huenda ukahitaji kuongeza `s` zaidi ya hapo. Lakini sasa unaongeza kutoka mahali penye maana.

Ikiwa ulichotaka tangu mwanzo ni mpindo unaopita katika kila nukta, andika `s=0` waziwazi, hata pale ambapo chaguo-msingi tayari ni sifuri. Msomaji wa msimbo wako baadaye hatalazimika kukumbuka ni funksheni ipi ina desturi gani.

Dalili ya kinyume, yaani mpindo unaotetemeka na kufuata kila kosa la kipimo, inatokana na `s` ndogo mno au uzani mkubwa mno. Hapo `fp` ya polinomia moja inasaidia sana: piga hesabu mara moja kwa `s` kubwa kupita kiasi, soma `fp` inayotoka pamoja na `ier` ya -2, na ujue kwamba hiyo ndiyo dari. `s` yoyote iliyo juu yake haibadilishi kitu. Thamani unayoitafuta iko kati ya sifuri na dari hiyo, na kuishusha mara kumi kwa kila jaribio kutakufikisha upesi kuliko kuipunguza kidogokidogo.

Dalili: "ValueError: Invalid inputs."

Ujumbe huu hausemi chochote, na ni aibu kidogo kwa maktaba iliyokomaa hivi. Karibu siku zote maana yake ni kwamba nukta mbili zinazofuatana ni sawasawa kabisa. `splprep` isipopewa parameta huitengeneza kutokana na umbali kati ya nukta moja na inayofuata. Umbali ukiwa sifuri, parameta haiongezeki, na FITPACK inakataa data. Basi linaposimama kituoni huku kifaa kikiendelea kurekodi, nukta za namna hiyo hupatikana kwa wingi. Kuziondoa ni kazi ya mistari mitatu:

```
hatua = np.hypot(np.diff(x), np.diff(y))
bakiza = np.concatenate(([True], hatua > 0))
x, y = x[bakiza], y[bakiza]
```

Hata hivyo, kosa likiondoka usidhani tatizo limekwisha. Kifaa kilichosimama huwa kinatangatanga kwa mita moja au mbili, kwa hiyo nukta hazilingani kabisa, hesabu inakubali, na kwenye mchoro unaona kifundo cha nyuzi zilizosokotana katika kila kituo. Kupandisha kizingiti kutoka sifuri hadi mita 3, tuseme, katika msimbo huo hapo juu kuna mtego wake: gari linalokwenda polepole linaweza kusogea mita 2 kwa kila rekodi, na kila hatua ikaonekana ndogo, kiasi kwamba unafuta foleni nzima. Linganisha kila nukta na nukta ya mwisho iliyobakizwa, si na iliyoitangulia katika data ghafi.

Njia nyingine, ambayo mimi huiona bora kila saa za rekodi zinapokuwepo, ni kutoa muda wenyewe kama parameta kwa `u=muda`. Nukta mbili zilizo mahali pamoja kwa nyakati tofauti hazina ubaya tena, na faida ya ziada ni kwamba ukitafuta kasi ya badiliko ya mpindo unapata mita kwa sekunde moja kwa moja.

Ujumbe wa "m > k must hold" ni rahisi zaidi: nukta zako ni 3 au pungufu na daraja ni 3. Katika `make_interp_spline` ujumbe ni bayana, kwamba x haitakiwi kuwa na thamani zinazojirudia au kwamba inatakiwa iongezeke, ilhali `splrep` huishia kusema "Error on input data". Ukikutana na huo, kagua mpangilio wa x. Sababu moja inayojificha ni faili la CSV lililopangwa wakati namba zilikuwa bado maandishi, ambapo 10 inakuja kabla ya 2. Data inaonekana imepangwa kwa macho ya haraka, lakini haijapangwa. Kagua pia thamani tupu, yaani `nan`. `make_interp_spline` hulalamika ikizikuta, bali FITPACK inaweza kuzipokea kimyakimya na kukurudishia mpindo wote ukiwa `nan`.

Dalili: mpindo unajifunga kitanzi au unabenuka kati ya nukta

Hapa tatizo liko kwenye parameta. Anayetumia `make_interp_spline` kwa njia ya pande mbili anatakiwa kuitengeneza mwenyewe, na wengi huandika `np.arange(len(x))`. Maana yake ni kwamba mpindo unapewa muda sawa wa kwenda mita 2 na wa kwenda mita 200. Ukifika kwenye jozi ya nukta zilizokaribiana sana una mwendo mkubwa ambao hauna pa kuumalizia, basi unapitiliza na kurudi nyuma, na hicho ndicho kitanzi. Kutumia umbali uliojumlishwa, kama `splprep` inavyofanya yenyewe, huondoa vitanzi vingi. Vinavyobaki kwenye kona kali hupungua ukitumia kipeuo cha pili cha umbali, mbinu ambayo E. T. Y. Lee aliieleza mwaka 1989:

```
d = np.hypot(np.diff(x), np.diff(y))
u = np.concatenate(([0], np.cumsum(np.sqrt(d))))
mpindo = make_interp_spline(u, np.column_stack((x, y)), k=3)
```

Kama data yako ni y kwa kila x na si njia, kubenuka huko hakuhusiani na parameta. Splaini ya daraja la 3 inayopita katika kila nukta haina ahadi ya kubaki kati ya thamani za jirani, kwa hiyo jumla ya mvua ya mwezi inaweza kuonekana ikipungua katikati ya siku mbili, jambo lisilowezekana. Tumia `PchipInterpolator`, ambayo inalinda mwelekeo wa kupanda au kushuka, na ukubali kwamba mpindo wake utakuwa na ulaini mdogo zaidi.

Dalili: nje ya data thamani zinaruka hadi mamilioni

`BSpline` na `splev` kwa chaguo-msingi huendeleza kipande cha mwisho cha polinomia nje ya mipaka, na polinomia ya daraja la 3 iliyoachiwa haina breki. Weka `extrapolate=False` katika `BSpline` ili upate `nan`, au `ext=2` katika `splev` ili upate kosa linalosimamisha programu. Mimi huchagua kosa.

Dalili: mpindo uliofungwa umepoteza nukta moja

Umepima ukingo wa lambo kwa nukta 12, ukaita `splprep` kwa `per=1` na `s=0`, na mpindo uliotoka unapita kwenye nukta 11 tu. Kilichotokea ni kwamba `per=1` inachukulia kuwa nukta ya mwisho ni ileile ya kwanza, na ikikuta si hivyo inaandika ya kwanza juu ya ya mwisho. Onyo la jambo hilo, likitoka, huanza na "Setting x[0]", na watu hulipuuza kwa sababu linafanana na taarifa ya kawaida. Rudia nukta ya kwanza mwishoni mwa data kabla ya kuita funksheni, ziwe 13. `make_interp_spline` yenye `bc_type='periodic'` ni kali zaidi: inakataa kabisa ncha zisipolingana, na ukali huo ni wa kushukuru.

Dalili: mafundo na nukta za udhibiti kutoka programu nyingine havikubaliani

Unapoleta mpindo kutoka programu ya usanifu, hesabu kwanza. SciPy inataka mafundo n + k + 1 kwa nukta n za udhibiti. Programu zinazotumia openNURBS, maktaba ya kuhifadhi mipindo na nyuso, Rhino ikiwa mojawapo, huhifadhi n + k - 1, kwa kuwa fundo la kwanza kabisa na la mwisho kabisa haliathiri umbo na hivyo limeachwa. Ikiwa mpindo ni wa kipande kimoja au viwili, `BSpline` italalamika kwamba inahitaji angalau mafundo 8 kwa daraja la 3, nawe utajua. Lakini mpindo ukiwa na vipande vingi, hakuna kosa linalotokea: `BSpline` inakokotoa n kutokana na urefu wa `t`, inaona koefisienti zinatosha na mbili zimezidi, inazipuuza hizo mbili, na kukuchorea mpindo usioanzia kwenye nukta ya kwanza wala kufika kwenye ya mwisho. Tiba ni kurudia fundo la kwanza na la mwisho mara moja zaidi kila moja.

Mpindo usiogusa ncha unaweza pia kutokana na mafundo yaliyotawanywa sawasawa bila kurudiwa mwanzoni na mwishoni. Mafundo ya namna hiyo ni halali, ila mpindo una maana kati ya `t[k]` na `t[n]` pekee. Ukitaka uguse nukta ya kwanza na ya mwisho ya udhibiti, rudia fundo la kila ncha mara k + 1.

Kuna pia mchanganyiko wa vizazi niliotaja mwanzoni: `tck` kutoka `splprep` ina `c` ambayo ni orodha ya safu, moja kwa kila mhimili, ilhali `BSpline` inataka nukta za udhibiti zikiwa kwenye safu mlalo. `BSpline(*tck)` itakataa, andika `BSpline(t, np.array(c).T, k)`. Kutoka `splrep` hali ni tofauti tena, kwani `c` yake imejazwa sifuri mwishoni ili ilingane kwa urefu na `t`, na mtu anayezihesabu sifuri hizo kama nukta za udhibiti atashangaa kuona mpindo wake ukivutwa kuelekea kwenye chimbuko la mihimili.

Dalili: duara si duara

Splaini ya polinomia haiwezi kuwa duara kamili, hata ukiongeza mafundo kiasi gani, itakaribia tu. Duara kamili linahitaji splaini yenye uwiano, ambayo SciPy haina klasi yake, lakini inaweza kujengwa kwa kuongeza uzani kama mhimili wa ziada na kugawanya mwishoni. Robo duara yenye nusu kipenyo cha 1 ina nukta za udhibiti (1,0), (1,1) na (0,1), na uzani wa 1, 0.7071 na 1:

```
w = np.sqrt(2) / 2
h = BSpline([0,0,0,1,1,1], [[1,0,1],[w,w,w],[0,1,1]], 2)
p = h(0.5)
print(np.hypot(p[0], p[1]) / p[2])
```

Jibu sahihi ni 1. Ukipata namba nyingine, namba yenyewe inakutajia kosa. Ukipata 1.061, uzani haukutumika kabisa na ulicho nacho ni parabola. Ukipata 1.243, ulisahau kuzidisha nukta ya kati kwa uzani wake kabla ya kuiweka, ukaandika `[1,1,w]` badala ya `[w,w,w]`. Hili huwapata wanaosoma mafaili ya IGES, muundo wa kubadilishana michoro ya usanifu, ambayo katika kipengele namba 126 huhifadhi nukta peke yake na uzani peke yake. Ukipata 0.854, ulisahau kugawanya kwa `p[2]`. Kumbuka vilevile kwamba `h.derivative()` ni kasi ya badiliko ya umbo la pande tatu lenye uzani, si ya duara lenyewe. Bila kanuni ya kutafuta badiliko la mgawanyo, miguso yote, yaani mistari inayoonyesha mwelekeo wa mpindo, itaelekea upande usio wake.

Dalili: nukta zilizochukuliwa kwenye mpindo zimebanana sehemu moja na kuachana nyingine

Hatua sawa za parameta si hatua sawa za umbali. Tathmini mpindo kwenye thamani 2,000 za parameta, jumlisha umbali kati ya nukta zinazofuatana, kisha tumia `np.interp` kupata parameta ya kila umbali unaoutaka. Kwa michoro na kwa njia za mashine inatosha.

Ukali wa kona ni jambo jingine. Unakokotolewa kutokana na badiliko la kwanza na la pili, na badiliko la pili hukuza kila kosa la kipimo lililobaki, kwa hiyo grafu ya ukali inaweza kuwa msumeno hata pale ambapo mpindo wenyewe unaonekana laini machoni. Ongeza `s` kwanza. Ikiwa grafu bado ina pembe kali hasa kwenye mafundo, hiyo ni tabia ya daraja la 3, ambalo badiliko lake la pili linaungana bila kuachana lakini linakunjika kwenye kila fundo. Nenda daraja la 5, ambalo ndilo la juu kabisa FITPACK inaloruhusu. Madaraja ya 2 na 4 yaepuke, hasa `s` inapokuwa ndogo.

Nyuso

Katika nyuso, kosa la kwanza ni mpangilio wa mihimili. `RectBivariateSpline(x, y, z)` inataka `z` yenye safu mlalo kwa kila x na safu wima kwa kila y, wakati `np.meshgrid` bila maelekezo mengine hutoa kinyume chake. Gridi ya 30 kwa 50 itatoa kosa, na utarekebisha kwa `indexing='ij'` au kwa `z.T`. Gridi ya 50 kwa 50 haitatoa kosa lolote: utapata uso laini, mzuri, uliogeuzwa kwenye mshazari wake, na mlima utakuwa mahali pa bonde. Ndiyo maana nashauri kila jaribio la kwanza lifanywe kwa gridi isiyo mraba, hata kama data halisi ni mraba.

La pili ni kumbukumbu inayojaa ghafla. Ukiita `uso(px, py)` kwa nukta 10,000, klasi hii haidhani kwamba unataka thamani 10,000. Inadhani unataka gridi nzima, yaani thamani 100,000,000, ambazo kwa baiti 8 kila moja ni megabaiti 800. Tena inadai `px` na `py` ziwe zimepangwa kwa kupanda. Tumia `uso.ev(px, py)` au `grid=False`.

Msimbo wa zamani unaoita `interp2d` hautafanya kazi kuanzia toleo la 1.14, ambako funksheni hiyo iliondolewa. Kwa gridi kamili hamia `RectBivariateSpline`, ukikumbuka kwamba `interp2d` ilitaka `z` ikiwa imegeuzwa, hivyo `z.T` inahitajika wakati wa kuhama.

Data iliyotawanyika ndiyo ngumu kwelikweli. `bisplrep` inahitaji angalau nukta 16 kwa daraja la 3 pande zote mbili, lakini 16 ni idadi ya kisheria tu. Inapokuonya kwamba haiwezi kuongeza fundo jingine kwa sababu lingeangukia juu ya lililopo, sababu huwa ni `s` ndogo mno au uzani mkubwa uliopewa nukta mbovu. Ongeza `s`, kisha tafuta nukta yenye tofauti kubwa kuliko zote, kwani mara nyingi ni kosa la kuandika. Mihimili yenye vipimo visivyolingana, kama mmoja wa sekunde na mwingine wa kilomita, huzaa mawimbi yasiyo na chanzo katika data, na dawa yake ni kugawanya kila mhimili kwa upana wake kabla ya kuanza.

Uso unaopanda na kushuka vibaya mahali pasipo na nukta hautengenezwi na `s` yoyote. FITPACK hutandaza mafundo yake kwenye mstatili mzima unaozunguka data, hata kwenye pembe tupu, na hapo koefisienti hazina kinachozishika. Ikiwa eneo lako ni la umbo la ukanda wa pwani au bonde la mto, `RBFInterpolator`, iliyoingia katika toleo la 1.7 na ambayo kwa chaguo-msingi hutumia splaini ya bamba jembamba, inastahimili hali hiyo vizuri zaidi. Nukta zikizidi maelfu machache, ipe `neighbors=50` au karibu na hapo ili isijaribu kutatua mfumo mmoja mkubwa wa milinganyo, na kabla ya kuchapisha ramani ficha maeneo yaliyo nje ya mzingo wa nukta zako.